Mpwa wangu na bunduki isiyo na risasi

Ndugu wazazi na walezi, ninaandika makala haya ili kulipa deni. Anayenidai ni mtoto wa miaka 13, mpwa wangu, ambaye dada yangu alinikabidhi kama amana pale alipomfuata mumewe Muscat, ambako shemeji anafanya kazi. Mtoto alibaki nami hapa Mlandizi ili masomo yake ya kidato cha kwanza yasikatike. Alikuja na begi la nguo, msahafu wake, na kompyuta mpakato aliyoachiwa na baba yake. Kompyuta hiyo ndiyo iliyotugombanisha, na hiyo hiyo ndiyo iliyotupatanisha.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti. Katika kikao chetu kimoja wazee walilalamika, nao walikuwa na haki ya kulalamika, juu ya vijana wanaoshinda kwenye vibanda vya magemu hadi adhana ya Magharibi inawapita. Tukaazimia kwamba kila mzazi akaangalie kilichomo nyumbani mwake na kuondoa kinachoharibu. Azimio hilo nililiandika kwa mkono wangu, nikafunga daftari, nikaenda nyumbani. Nilipoingia sebuleni nilimkuta mpwa wangu mbele ya kompyuta, na katika kioo imejitokeza bunduki nyeupe.

Sikuuliza neno. Niliifunga kompyuta ile mbele ya wanangu wawili wadogo waliokuwa wakitazama, nikaitia kabatini, na ufunguo nikautia mfukoni. Mtoto aliniambia sentensi moja tu: “Mjomba, haina risasi.” Nikamjibu kwamba bunduki ni bunduki.

Wiki tatu baadaye, ustadh wa madrasa alinipigia simu kuuliza kwa nini ada ya mwezi haijafika, hali ya kuwa fedha nilimpa mtoto mkononi. Baada ya Alasiri nilitoka kumtafuta. Nilimkuta kibandani, tena si mbele ya gemu bali mbele ya dubwi, lile sanduku la kamari linalomeza sarafu za shilingi 200. Ada yote ilikuwa imeishia humo. Hakukimbia. Alisimama akitazama miguu yangu. Tulirudi nyumbani bila kusemezana, na njia nzima nilikuwa nikipiga hesabu ambayo ilipaswa kupigwa wiki tatu nyuma: nilimwondoa mtoto sebuleni kwangu, ambako nilikuwa ninamwona, nikamsukuma mimi mwenyewe kwenda mahali nisipomwona.

Usiku ule, baada ya Isha, nilifungua kabati. Nikamwambia, “Nifundishe. Nataka nione kwa macho yangu hiyo bunduki isiyo na risasi.” Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, “Utakasirika, Mjomba. Anayeanza mchezo huu hukasirika.” Nikamwahidi kwamba sitakasirika. Ahadi hiyo niliivunja mara mbili usiku wa kwanza.

Mchezo wenyewe unaitwa Portal. Ulitolewa na kampuni ya Valve ya Marekani tarehe 10 Oktoba 2007, na asili yake ni kazi ya wanafunzi wa chuo cha DigiPen waliotengeneza mchezo mdogo ulioitwa Narbacular Drop. Valve ikauona, ikawaajiri. Ni hadithi ya sayansi ya kubuni. Mwanamke aitwaye Chell anaamka ndani ya jengo kubwa la majaribio ambamo haonekani mtu mwingine, akiongozwa na sauti ya mashine iitwayo GLaDOS. Anatakiwa kuvuka vyumba vya majaribio vilivyopewa namba kuanzia 00 hadi 19. Silaha aliyonayo haiui. Inafungua milango miwili, mmoja wa buluu na mwingine wa rangi ya chungwa. Ukiingia kwa huu unatokea kwa ule, hata kama ule uko juu darini. Kwa hiyo ni mchezo wa kulenga shabaha, ila shabaha yenyewe aghalabu ni ukuta, na kazi kubwa ni kufumbua fumbo la namna ya kutoka.

Asidhani msomaji kwamba michezo ya namna hii ni mambo ya ng’ambo tu. Jirani zetu wa Kenya, mwaka 2015, walitoa mchezo wa Nairobi X, kazi ya Andrew Kaggia na kampuni ya Black Division Games, ambamo mpiganaji anaulinda mji wa Nairobi dhidi ya wavamizi kutoka nje ya dunia. Huko adui anapigwa risasi. Katika Portal, anayekimbilia kupiga hafiki popote. Tofauti hiyo haionekani kwa mtu anayechungulia mlangoni kwa nukta moja na kutoa hukumu, kama nilivyofanya.

Haya ndiyo niliyofundishwa, nami nayaandika kwa kijana anayeanza na kwa mzazi anayetaka kukaa ubavuni mwake.

La kwanza ni kutazama kabla ya kugusa. Mlangoni mwa kila chumba kuna kibao cha mwanga chenye namba ya chumba na picha ndogo za mambo utakayokutana nayo humo. Kisome. Ukishaingia, simama, zunguka taratibu, inua macho hadi darini. Jiulize: mlango wa kutokea uko wapi, na kinachoufungua ni nini? Ukutani na sakafuni kuna mstari wa nukta unaotoka kwenye kitufe hadi kwenye mlango wake, nao hubadilika rangi kitufe kinapobanwa. Ufuate kwa macho. Wazee wetu wa bao wanaijua adabu hii. Ubao una mashimo 32 na kete 64, na mchezaji hodari hainui kete kabla hajaona zitakapoishia. Mimi nilikuwa ninainua kwanza. Mpwa wangu akaniwekea sheria: “Mikono magotini, Mjomba, mpaka uniambie umeona nini.” Nikaweka mikono magotini kama mwanafunzi wa juzuu ya kwanza.

La pili ni kuzijua kuta. Kuta za rangi nyeupe hupokea milango. Kuta nyeusi za chuma huikataa. Ukikuta chumba kizima kimezibwa kwa chuma na kipande kimoja tu cheupe kimeachwa juu kabisa, ujue hakikuachwa kwa bahati. Anza kufikiri kutoka hapo.

La tatu ni kuwa na subira na vidole vyako. Herufi W, A, S na D ndizo miguu; kipanya ndicho shingo na macho; kitufe chake cha kushoto hufungua mlango wa buluu na cha kulia mlango wa rangi ya chungwa; herufi E huokota vitu. Waliotunga mchezo walijua kwamba haya ni mengi kwa mgeni, ndiyo maana vyumba vya mwanzo huna silaha kabisa. Unaipata katika chumba cha 02, nayo inafungua mlango mmoja tu. Wa pili hupewi mpaka chumba cha 11. Kila chumba kinafundisha jambo moja, na kinachofuata kinalijengea juu yake, kama ustadh asivyompa mtoto sura kabla hajamaliza herufi. Usione haya kurudia chumba chepesi. Na kichwa kikianza kuzunguka, jambo linalowapata wengi wasiozoea, rudisha kiti nyuma, washa taa ya chumba na upumzike.

La nne ni kanuni ya mwendo, na hapa ndipo nilipokasirika. Kasi unayoingia nayo mlangoni ndiyo unayotokea nayo upande wa pili. Ukifungua mlango mmoja sakafuni na mwingine ukutani, kisha ukajirusha kutoka juu ukatumbukia kwenye ule wa sakafuni, utarushwa kutoka ukutani kwa kasi ile ile ya kuanguka, na utavuka shimo ambalo kwa kuruka kwa miguu hulivuki. Chumba cha 10 kinaanza kulifundisha hilo. Nilishindwa kuelewa, nikasukuma kipanya kwa hasira. Mtoto akanieleza kwa mfano wa nyumbani: “Fikiria tangi lililo juu. Maji yanashuka chini, bomba linakunja kona, yanatoka mbele. Njia imebadilika lakini msukumo ni ule ule.” Sisi wa Mlandizi tunaishi jirani na mtambo wa maji wa Ruvu Juu, mfano huo haukuhitaji kurudiwa. Kuanguka kwenyewe hakumuumizi Chell, kwa kuwa miguuni amefungwa vyuma vya kupunguza kishindo. Kinachomuua ni maji machafu ya chini ya vyumba, mipira ya nishati inayodundadunda, na risasi nitakazozitaja.

La tano ni kuhifadhi kila hatua. F6 huhifadhi mahali ulipo, na F9 hukurudisha hapo. Bonyeza F6 kila kabla ya kujaribu jambo la hatari. Mgeni asiyefanya hivyo hurudia njia ndefu na kuchoka, na uchovu ndio huzaa ghadhabu. Mwenye kuhifadhi hujaribu mara 20 bila kuumia.

La sita ni kutotegemea kubeba. Kuna masanduku ya kuweka juu ya vitufe vikubwa vya sakafuni ili mlango ukae wazi. Utatamani kuondoka na sanduku kwenda nalo chumba kinachofuata, lakini karibu na njia ya kutokea kuna pazia la mwanga: sanduku likipita hapo huyeyuka, na milango uliyofungua hufutika. Kila chumba kina mahitaji yake ndani yake. Kama unadhani umekosa kitu, hujatazama vya kutosha.

La saba linahusu hatari ya kweli ndani ya mchezo, na mzazi lazima aambiwe bila kufichwa. Kuanzia chumba cha 16 wanatokea walinzi wa mashine, vifaa vyeupe vyenye miguu mitatu, vinavyosema kwa sauti ya upole kama ya mtoto huku vikikumulika kwa mwali mwekundu. Hivyo vina risasi, na vikikupiga damu huonekana ukutani. Usivikabili kwa mbele. Zunguka kwa nyuma ukiangushe, kwa maana kikianguka hunyamaza. Au fungua mlango chini yake kitumbukie. Au kidondoshee sanduku kwa juu. Kwa sababu ya sehemu hii sikuwaruhusu wanangu wadogo kuketi nasi kuanzia chumba hicho.

La nane ni kujua wakati wa kunyanyuka. Chumba cha 15 kilinishinda siku mbili. Siku ya pili adhana ya Isha ikatoka, tukafunga kompyuta tukaenda msikitini, na jibu likanijia tukiwa njiani kurudi. Alhamdulillah halikunijia ndani ya swala. Wako wanaokimbilia kutafuta majibu kwenye intaneti kabla hata jasho halijawatoka. Hao wanaununua mchezo kisha wanamwachia mtu mwingine aucheze. Ukikwama, muulize aliyetangulia, “Nianze kutazama wapi?” Usimuulize, “Jibu ni lipi?” Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuumaliza mchezo huu zamani, na hakunipa jibu hata siku moja. Alikuwa mwalimu mwema kuliko nilivyokuwa mlezi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ile sauti ya mashine humwahidi Chell kwamba akimaliza majaribio atapewa keki. Inaitaja tena na tena. Usiku mmoja nilisema kwa mzaha kwamba nina hamu ya kuiona hiyo keki. Mtoto akasema, macho yake yakiwa kwenye kioo, “Usiamini, Mjomba. Anakuambia hivyo ili uendelee tu.” Tukavuka chumba. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kwa sauti ndogo: “Hata lile dubwi. Mara ya kwanza lilinipa.”

Wiki nyingi nilikuwa nikitafuta namna ya kumfungua mdomo juu ya siku ile. Nilikuwa na mawaidha tayari, nimeyapanga kama hotuba. Yalinifika kooni nikayameza. Nikauliza tu, “Lilikupa ngapi?” Akaniambia. Kisha akaniambia lilichochukua: ada ya madrasa, nauli, na fedha ya chapati ya shuleni kwa siku kadhaa, ambazo alishinda na njaa. Aliniambia pia kwamba alikwenda kibandani kwa ajili ya gemu kwanza, na dubwi lilikuwa hatua mbili kutoka kwenye benchi. Wala hakunilaumu. Laiti angenilaumu, ingekuwa nyepesi zaidi.

Asubuhi yake niliwaita wanangu wawili, wale waliokuwa mashahidi siku nilipofunga kabati, nikamwomba mpwa wangu radhi mbele yao kwa kuhukumu bila kuuliza. Naye aliniomba radhi kwa ada. Tulikubaliana kwamba deni la madrasa atalilipa kwa kazi ya mikono yake: kila Jumamosi anasaidia kusafisha mabusati ya msikiti, na mimi namlipa ustadh kidogo kidogo kutoka mfukoni mwangu. Hadi ninaandika haya hajakosa Jumamosi hata moja.

Sitoi fatwa, hiyo ni kazi ya masheikh wetu. Najua kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini na akamwacha Bibi Aisha awatazame, na najua pia kwamba wakati ni rasilimali tutakayoulizwa. Kati ya mawili hayo kila nyumba inahitaji mpaka wake. Wetu ni huu: kompyuta hukaa sebuleni, kioo kikielekea watu, huwashwa Ijumaa na Jumamosi baada ya Isha kwa saa moja, adhana haigombaniwi, na gemu jipya haliingii nyumbani kabla mkubwa hajakaa akalicheza mwenyewe. Nampendekeza Portal kwa anayeanza kwa sababu unachezwa na mtu mmoja, hauna mazungumzo na wageni, hauuzi sarafu ndani yake, na ukishapakuliwa unaweza kuchezwa bila intaneti. Tena kwa umri wake unakubali kompyuta za zamani ambazo magemu ya leo huzikataa.

Tunaye wa kumngoja pia. Mwaka 2011 Valve ilitoa Portal 2, ambao nchini Marekani umewekewa alama ya kuanzia miaka 10, na ndani yake kuna sehemu ya watu wawili, roboti wawili ambao hakuna anayevuka chumba bila mwenzake. Wanaweza kuwa kwenye kompyuta mbili katika nchi mbili. Shemeji aliposikia mtoto anafundisha, alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza saa ngapi huku huwa tumemaliza Isha. Muscat wametutangulia kwa saa moja tu. In shaa Allah, likizo ijayo baba na mwana watajaribu.

Katika kikao cha kamati kilichofuata niliomba azimio letu lisomwe upya. Badala ya kuwataka wazazi waondoe tu, sasa linawataka wakae na watoto wao na waone kinachochezwa. Na tukaongeza kwamba wazee wawili wakaonane na viongozi wa eneo kuhusu madubwi yaliyowekwa mahali ambapo watoto hupita. Mzee mmoja alinitazama juu ya miwani akauliza, “Katibu, na wewe unacheza?” Nikamjibu, “Nimefika chumba cha 18, Mzee wangu.” Akacheka, kisha akaniomba siku moja nimwonyeshe mjukuu wake anacheza nini, kwa kuwa naye amekuwa akiogopa kuuliza.

Chumba cha 18 ni kirefu na bado hakijanitoka. Ijumaa iliyopita niliingia nikaanza kufyatua milango ovyo, nikasikia nyuma yangu sauti ninayoifahamu: “Mikono magotini, Mjomba.” Nikaiweka.

Ndugu mzazi, kabla hujafunga kabati, vuta kiti. Wabillahi tawfiq.